Mbele ya Msala wa Bibi

Bibi anatandika msala chumbani kwake, mtaani Azaiba, na harufu ya udi kwenye kanga yake inanirudisha Lisbon, tulikokwenda kutembea nikiwa mtoto, kwenye uwanja wa kale wa mawe meusi na meupe yaliyopangwa kama mawimbi. Sala ya alasiri ilikuwa inampita. Alikataa kungoja tufike hoteli. Akatandika kanga kando ya chemchemi, akaniweka mbele yake.

"Simama hapa, mtu asinipitie mbele. Usitikisike, mwanangu."

Miguu ikaniwasha. Watalii wanapita, njiwa wanarukaruka, mawe yale yananizungusha kichwa. Rakaa ya kwanza niliweza. Ya pili nikawakimbilia njiwa.

Niliporudi, mwanamme mmoja alikuwa amepiga magoti pale pale pangu, anampiga picha. Bibi, macho chini, alikuwa amenyoosha mkono, unapapasa hewa, unanitafuta.

Akatoa salamu, akamaliza sala. "Ulikwenda wapi?"

"Nlikuwa hapa hapa, Bibi."

"Haya," akasema, akakunja kanga.

Sasa nakwenda kusimama mbele ya msala wake. Mlango umefungwa, hapana mtu wa kupita.

"Unanizibia mwanga," ananiambia.

Sisogei.