Siku Niliyomfilisi Mzee Rajabali kwa Kipaza Sauti

Mkinicheka nitanyamaza, nawaambia mapema, maana kisa hiki sijapata kukihadithia kwa hiari yangu, kila mara hukihadithia wengine na mie nimekaa pale pale naangalia kikombe changu, na wakihadithia wao wanatia chumvi, wanasema eti nilipanda juu ya gari. Sikupanda juu ya gari. Nilipanda juu ya ukuta wa bustani, tena ukuta mfupi. Basi leo nitasema mwenyewe. Mimi Yusufu, kondakta wa basi wa Southall kule Uingereza, mzaliwa wa Mombasa, mtu mzima wa miaka ishirini na saba wakati ule, nilisimama mbele ya nyumba ya watu Jumapili mchana nikautangazia mtaa mzima, kwa kipaza sauti, kwamba mwenye nyumba amefilisika. Na ndani ya nyumba hiyo walikuwa wamekaa watu waliokuja kumposa binti yake.

Miaka ile Southall sote tulikuwa wageni. Kuna waliotoka Nairobi na Mombasa baada ya kunyimwa leseni za maduka, kuna waliotoka Kampala na sanduku moja moja, na kuna Wazanzibari waliotutangulia wote, nao wakawa wanatufundisha baridi kama vile wameitengeneza wao. Kilichotukusanya ni timu ya mpira wa kikapu iliyoitwa Tufani. Vijana wetu walicheza kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa shule, na mwenye timu alikuwa Mzee Rajabali wa duka la vyakula, aliyewanunulia jezi, akawalipia ukumbi, na wakati wa mapumziko akagawa machungwa kwa wachezaji na mashabiki vilevile. Mie nilikuwa mtangazaji. Nilipewa kipaza sauti cha betri (kilikuwa kinakoroma ukikisogeza karibu na redio, lakini kina nguvu, usipime) nikawa natangaza kila mpira ulioingia, kwa Kiswahili, na nisiwafiche, ile ndiyo saa moja na nusu katika wiki nzima niliyokuwa naitwa kwa jina langu. Siku nyingine zote nilikuwa kondakta tu, mama yangu yuko Mombasa, na kwenye chumba changu cha kupanga hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimekula nini. Kwa hivyo mtu akitaja habari ya Tufani kuhama, mie nilikuwa naweka kikombe chini namsikiliza.

Na habari ya kuhama ilianzia kwenye machungwa. Mashabiki tulikuwa na mkahawa wetu wa chai, na huko kulikuwa na wakubwa wawili wa maneno: Domingo, Mgoa wa Nairobi, karani wa zamani wa reli, ambaye hakuna jambo asilolifanyia uchunguzi, na Salum, Mzanzibari wa kiwanda cha biskuti, ambaye kazi yake ilikuwa kumpinga Domingo.

“Zamani tulikuwa tunapewa nusu chungwa,” akasema Domingo. “Kisha robo. Jumamosi iliyopita nimepewa kipande nikadhani ni kokwa.”

“Machungwa yamepanda bei,” akasema Salum.

“Na gari je? Gari kaliuza, siku hizi anabeba magunia kwa toroli. Na Jumapili tatu mfululizo kaenda huko mbali Leicester. Leicester kuna nini? Kuna kumbi za bei rahisi na watu wetu wanamiminika kila siku. Yule anaihamisha timu.”

“Timu haihami, Domingo. Timu si fundi cherehani, abebe mashine yake ahame.”

“Marekani zinahama, bwana. Tajiri akikauka mfukoni, au mwenzake akimpa bei nzuri, timu inatiwa kwenye lori, na mashabiki wanaamka asubuhi hawana hata mtu wa kumzomea.”

Kila mtu akawa anaiwaza asubuhi hiyo. Hapo ndipo mie, ambaye sikuulizwa, nikasema, “Basi Mzee Rajabali amefilisika.” Neno hilo nililitoa mimi. Domingo hakulisema, Salum hakulisema. Nililisema kwa sauti ya mtu anayejua, na nilichokuwa nakijua ni machungwa tu.

Jumapili yake nilikuwa na zamu ya asubuhi. Basi letu lilikuwa linapita mtaa wa Mzee Rajabali, na kituo kilikuwa karibu mkabala na nyumba yake. Tukasimama, dereva anangoja bibi mmoja mwenye mikoba apande pole pole, na mie niko pale nyuma penye mlango, nikatazama ng’ambo, nikaona wanaume wawili wanatoa kochi nje. Nyuma yake kochi la pili. Nyuma yake meza. Na mlangoni limesimama gari kubwa la mizigo, limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa jina la kiwanda cha soksi, na chini yake, Leicester. Mzee Rajabali mwenyewe akatokeza na mto wa kochi mkononi, akaniona, nikampungia mkono, naye (wallahi siongezi) akauinua ule mto akaficha uso, akarudi ndani.

Hapo ndipo ningeweza kuyaokoa yote. Yule bibi bado alikuwa na mikoba miwili ya kupandisha. Hatua kumi tu, nivuke njia, nitoe salamu, niulize, “Mzee, kulikoni?” Badala yake nikapiga kengele, basi likaondoka.

Sasa, mtu akitaka habari isambae Southall siku zile, hakuhitaji simu wala gazeti, alihitaji kondakta. Kituo cha pili akapanda Salum, nikamwambia. Salum, ambaye siku zote ndiye aliyekuwa akibisha, safari hii hakubisha, alinyauka tu usoni, akashuka kituo kinachofuata kwenda kumgongea Domingo. Na mie sikuishia hapo, nikawaambia na wengine, kila aliyepanda akaniamkia kwa Kiswahili nilimpa tikiti na habari kwa pamoja. Zamu yangu ilipokwisha saa saba mchana nikakuta watu kama thelathini wananingoja karibu na gereji ya mabasi, wengine na jezi za Tufani juu ya makoti, mmoja ana ngoma, na Domingo ameshanichukulia kipaza sauti kutoka ukumbini.

“Wewe ndiye mwenye sauti,” akaniambia, akanikabidhi.

Nikakipokea, na kusema kweli, nilijisikia mtu.

Tukafika. Mapazia yamefungwa. Lile gari la Leicester bado lipo. Na mlangoni, nje kwenye ngazi, viatu: vya kiume, vya kike, vya ngozi, vya kung’aa, jozi nyingi, vimepangwa vizuri. Domingo akaninong’oneza, “Wadai hao, wamejaa ndani.” Nami nikaitika. Nikaitika, jamani, mie niliyezaliwa Mombasa, niliyevua viatu kwenye milango ya maulidi na hitima na harusi tangu najifunza kutembea, niliyebeba makochi kwa mikono yangu mwenyewe kuyapeleka kwa majirani ili watu watandikiwe shuka nyeupe wakae chini, nikatazama makochi yaliyotolewa na viatu vilivyovuliwa nikaona wadai. Mdai gani anavua viatu?

Nikapanda ukutani. Na hapa mnisikilize vizuri, maana nina utetezi mmoja na ni huu peke yake: nilitumia Kiswahili makusudi, kwa heshima. Nilifikiri, majirani zake ni Waingereza, si vizuri wajue mambo ya mzee wetu, acha nimsitiri kwa lugha. Nikabonyeza kitufe, kikakoroma, nikaanza.

“Mzee Rajabali. Shikamoo. Ni sisi watu wako. Tunajua umefilisika. Tunajua duka halina kitu, gari umeuza, na vitu vya nyumba vinachukuliwa. Hatukulaumu. Lakini Tufani usiiuze. Uza chochote kilichobaki humo ndani, mzee, lakini Tufani utuachie.”

Ngoma ikalia. Watu wakapiga makofi. Mwingereza wa nyumba ya pili akafungua dirisha, akatusikiliza, akalifunga, hakuelewa hata neno. Mpango wangu ulifanikiwa kwa upande huo.

Mlango ukafunguka. Akasimama Mama Shirin, mke wa Mzee Rajabali, amevaa sari ya hariri ya rangi ya zafarani, sinia la mshabaki, vile vitamu vya sukari, mkononi. Nyuma yake nikaona sebule nzima. Shuka nyeupe ukuta kwa ukuta. Wazee wamekaa safu mbili, mikono wameinua, wamekatizwa katikati ya Fatiha, na hawajui waishushe mikono au wamalize. Na katikati yao Mzee Rajabali na kofia yake mpya, ananitazama mimi niliye juu ya ukuta wake.

“Yusufu,” akasema Mama Shirin, polepole, “tumeletewa posa.”

Posa haitangazwi, mnajua wenyewe. Mpaka neno litimie hata jirani haambiwi, watu wanaogopa jicho, ndiyo maana mzee alificha uso kwa mto. Nilitamani niingie ndani ya kile kipaza sauti nijifungie humo. Na nilikuwa sijaona bado. Kwenye safu ya wageni akainuka mzee mmoja mnene, miwani ya dhahabu, Bwana Merali, baba wa kijana, mwenye kiwanda cha soksi na mwenye lile gari, lililoleta zawadi za posa, akaja mpaka mlangoni na soksi zake, akasema kwa Kiswahili safi cha Tanga, alikokuwa na duka miaka thelathini:

“Amefilisika lini?”

Yaani alikuwa amesikia kila neno. Wote walikuwa wamesikia kila neno. Nikaona lazima nirekebishe, na bado nilikuwa na kidole kwenye kitufe, kwa hivyo marekebisho nayo yakatangazwa. “Hapana, mzee, si kufilisika sana. Ni machungwa tu. Tulikuwa tunapewa nusu.” Salum akanivuta mguu nikashuka.

Juu dirishani pazia likasogea. Nilimwona Shirin, binti mwenyewe, kapakwa hina, mkono mdomoni, na sikuweza kujua analia au vipi. Hapo hata mie sikuona tena la kuchekesha. Binti wa watu, siku yake moja, na mie nimeisimamia kama mnadani.

Mzee Rajabali akaja mlangoni akasimama kando ya mkewe. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningeshukuru.

“Machungwa nimeyapunguza, kweli,” akasema, na alikuwa anatuambia sisi, si wageni. “Gari nimeuza, kweli. Nina binti mmoja tu, nataka aolewe kama watu. Nikiuza timu nanyi mtakwenda wapi Jumamosi, ndiyo nikaanza na gari.”

“Mbona mimi hukuniambia?” akauliza Bwana Merali.

“Ningekuambiaje? Wewe umekuja kutafuta mkwe, hukuja kutafuta mzigo.”

Bwana Merali akavua miwani akaifuta. Kisha akanigeukia mimi. “Na nyie wote hawa mmekuja Jumapili, na baridi hii, kwa ajili ya mpira wa kikapu?” Nikasema ndiyo. “Mnamwinda huyu mzee wenu kila wiki hivi?” Nikasema hapana, leo tu, ni kosa langu. Akamshika Mzee Rajabali mkono wakaingia jikoni wakafunga mlango, nasi tukabaki barabarani, ngoma imenyamaza, hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani. Mama Shirin akatoka akatupitishia mshabaki. Alipofika kwangu akaniruka.

Wakatoka baada ya nusu saa. Posa imekubaliwa. Harusi itafanywa pamoja, baba wawili wakisaidiana. Tukashusha pumzi, Domingo akajifuta macho. Na jambo la pili, akasema Bwana Merali, ameona siku nyingi wafanyakazi wake hawana pa kwenda Jumamosi ila kukaa wakigombana, na hajapata kuona watu wanaopenda kitu namna hii, kwa hivyo ili mkwewe apumzike na gharama, Tufani ataichukua yeye. Jezi mpya, ukumbi mkubwa, na kila mchezaji kazi kiwandani kwake.

“Kiwandani wapi?” akauliza Salum, ingawa lile gari lilikuwa limesimama mbele ya pua zetu.

Ndiyo hivyo. Timu haikuwa inahama. Haikuwa imemjia mtu akilini kuihamisha mpaka mie nilipokwenda na kipaza sauti kumwonyesha tajiri wa Leicester kwamba ipo. Mwezi haukwisha vijana wakaondoka. Domingo hakunisemesha mpaka siku ya Idi, naye ni Mkristo. Jumamosi ya kwanza niliamka, nikapika chai, nikavaa koti, kisha nikakumbuka, nikalivua. Watu wanadhani aibu yangu ni ile ya ukutani. Ya ukutani nimeizoea. Ile ya koti ndiyo inayoniuma.

Nilikwenda Leicester mara moja, baada ya harusi (nilialikwa, niliketishwa karibu na watoto), nikasimama nyuma kabisa ya ukumbi mchezo wa Tufani ulipokuwa ukiendelea, nisionekane. Shirin akaniona. Akaja kule nyuma, nikaanza maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima, kaka yako nimekosa, nisamehe. Akanikatiza.

“Kaka Yusufu, usiku ule kabla ya posa nililia mpaka asubuhi, kwa kuwa Leicester sikuwa namjua hata mtu mmoja. Sasa kila Jumamosi nasikia sauti za kwetu.”

Nikasema, Alhamdulillahi, na nilisema kwa moyo. Kisha akaniuliza, kwa wema wake, “Na nyie huko Southall, Jumamosi mnafanya nini siku hizi?”

Tangu hapo sijamsemea mtu mfuko wake, na nimeapa sitausemea. Na Shirin nilimwambia Jumamosi nina zamu.