Dulcie Azuia Ukuta wa Jikoni Usivunjwe

Dulcie Trembath, mjane mwenye kicheko cha kuamsha kuku, alikipenda kijumba alichokuwa akikiuza Merv pale kijijini Yarrabindi mara tu alipokiona. Jiko tu ndilo lilibanwa na ukuta. Akamwambia Merv, "Ukuta huu ukiondoka, nanunua." Lakini nyumba kuukuu za kule zina asbesto, nyuzi za madini zilizotiwa kutani, na ukiivunja ovyo vumbi lake huingia pafuni likahamia humo hadi likuue. Kwa hiyo Dulcie akamwita mkaguzi, Shauna, aliyekuja na barakoa kama pua ya nguruwe na vazi jeupe tupu toka utosini hadi nyayoni.

Hajafungua hata begi lake, gari la mizigo likaingia limejaa wanaume, soseji na bia. Kule mgeni akihamia, majirani huja kumsaidia kazi bila kuombwa. Safari hii waliombwa: Merv alikuwa na haraka ya kuuza.

"Bibi D, kaa kando!" alisema Kev, mmoja wao, mtaimbo begani. "Ukuta unalala chini kabla chai haijapoa!"

Dulcie akaubandika mgongo ukutani, mikono kaitandaza. "Thubutu! Ukiugusa, nakung'oa sikio!"

"Babu yangu alijenga kwa asbesto maisha yake yote. Haikumuua!"

"Yuko wapi babu yako?"

Kev akajikuna. "Aliliwa na mamba."

Shauna alikuwa akipiga kelele ndani ya barakoa, ila sauti ilitoka kama ya mbuzi aliyetiwa guniani. Wanaume watatu wakajaribu kumbeba Dulcie. Akaanza kucheka, na mtu anayecheka ni mzito kuliko ng'ombe aliyegoma. Wakaambukizwa kicheko, mikono ikalegea, mtaimbo wa Kev ukamwangukia Merv, aliyesimama karibu, kwenye kidole cha mguu. Akaruka kwa mguu mmoja hadi barabarani, na wanaoapa wanasema alivuka hata daraja la kijiji.

Basi Shauna akalowesha ukuta ili vumbi lisiruke, akamega kipande kidogo, akakipeleka maabara. Jibu likaja: asbesto, tena ya kutosha!

Kev akanywea. Merv, kidole kimefungwa bandeji, akakubali kuwalipa mafundi wenye kibali cha kuondoa asbesto, na Dulcie akatia saini ya kununua.

Siku ya kazi kijiji kizima kiliketi ng'ambo ya barabara kwenye viti vya kukunja, kikishangilia kila kipande kilichotolewa kimezungushiwa plastiki kama bibi harusi.

"Hicho ningekimaliza kwa pigo moja!" Kev alijigamba.

"Ndiyo," Dulcie akasema, akimsogezea soseji, "halafu sisi tungekuzika wewe na mtaimbo wako. Kula, mwanangu, unywe na maji."