Mama Riwaya na Karani wa Simu

Mtaani walimwita Mama Riwaya, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kuitiwa, na mwanamke aliyefika umri ule hawezi kuachwa hivi hivi bila kuwa mama wa mtu. Alikuwa mpiga taipu wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alirudi kwenye nyumba ya marehemu wazazi wake, nyumba ya vyumba vitatu, akaisukuma meza ya chakula mpaka chini ya dirisha na kuifanya meza ya kuandikia. Chakula alikula amepakata sahani.

Riwaya zake zilikuwa za mapenzi, zote za enzi za mkoloni. Msichana anafua nguo za mzungu, kijana ni mpishi au tarishi, wanapendana, kisha amri inatoka ofisini kwa Bwana DC na kuwatenganisha. Mhariri wake, mwanamume mcheshi aliyezungumza kwenye simu huku akitafuna, alikuwa na maagizo mawili tu. "Mama, msomaji alie katikati, acheke mwishoni. Na mkoloni awe mkoloni, usije ukanihurumia mkoloni."

Alicheka na kufuata. Ila kwenye vitu vidogo hakukubali kubahatisha. Alikuwa na daftari nene alimoandika kila alichoambiwa na watu waliokula chumvi nyingi: jinsi pasi ya mkaa ilivyopulizwa majivu kabla ya kugusa shati jeupe, jinsi wanaume walivyovua kofia gari la DC lilipopita hata kama ni gari tupu, jinsi karani alivyomsomea mtu barua yake kwa sauti mbele ya foleni nzima, kwa sababu mwenyewe hakujua kusoma. Msichana wa kitabu chake cha pili aliipata barua ya mapenzi kwa njia hiyo, watu kumi na wawili wakisikiliza. Wasomaji walikipenda hicho sana.

Siku nyingine alikaa kuanzia asubuhi hadi saa kumi bila kusema neno na mtu. Muuza maziwa akibisha hodi, sauti ya Mama Riwaya ilitoka imekwaruza, ikabidi akohoe kwanza. Mazungumzo ya wahusika alikuwa akiyasoma kwa sauti ili ayapime, ya mwanamume kwa sauti nzito, ya mwanamke kwa sauti yake mwenyewe. Mara moja jirani alichungulia dirishani na kuuliza kama ana wageni.

"Wapo wawili," alijibu. "Wanagombana."

Jirani akacheka, akaenda zake, naye akabaki na wale wawili.

Si kwamba hakuwahi kuposwa. Alipokuwa na miaka ishirini na tisa alikuja mkaguzi wa mizani, yule wa kupita madukani kuangalia kama kilo ni kilo kweli. Alikuja kila Jumapili kwa miaka miwili. Hakuwa na maneno matamu. Alitengeneza bawaba za mlango, akabadilisha soketi iliyoungua, akanywa chai, akaondoka. Yeye alisubiri moyo wake uruke, moyo haukuruka, akamkatalia. Mkaguzi alisema, "Haya, nimesikia," akavaa viatu vyake. Baadaye alioa kwingine. Mama Riwaya hakuwahi kuujutia uamuzi ule, kwa sababu kichwani alikuwa na kipimo cha mapenzi alichopewa na mama yake mzazi.

Kipimo chenyewe kilikuwa hiki. Mama alipokuwa mgonjwa, kabla ya mkaguzi kutokea na miaka kadhaa kabla ya kufariki, huyu binti mdogo ndiye aliyechukua likizo kumuuguza. Alasiri moja akimchana nywele, mama akasema tu, "Kabla ya baba yenu kulikuwa na karani wa simu pale posta. Zile simu za maandishi, za kugonga. Alikuwa anagonga kwa mkono wa kushoto. Nikipita nje najua ni yeye."

"Kisha ikawaje, mama?"

"Kisha akahamishwa. Niletee maji."

Basi. Kutokana na maneno hayo machache, binti alikuja kuandika kurasa mia mbili na kumi na mbili. Kilikuwa kitabu chake cha tano na alikiandika kwa miaka mitatu. Humo karani wa simu anaificha simu ya siri ili kuwaokoa watu wasikamatwe, Bwana DC anagundua na kumhamishia mbali kwa adhabu. Msichana anamsubiri mpaka watu wanamcheka. Mwishowe anaolewa na fundi baiskeli, mtu mwema, anayejua kuwa amepewa mabaki na hasemi kitu. Mhariri alipomaliza kukisoma alipiga simu akiwa hatafuni chochote. "Mama," alisema, "safari hii umeniliza mimi."

Aliyefuata kukisoma alikuwa dada yake mkubwa, mkunga mstaafu, aliyekuwa msomaji wake mkubwa tangu kitabu cha kwanza. Kwa kawaida alikuja na maoni yake, wakanywa chai na kubishana mpaka jioni. Safari hii alikuja na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki na hakuketi.

"Umekisoma, Dada?"

"Nimekisoma mara mbili. Ya kwanza nilidhani macho yangu mabovu."

"Sikutaja jina la mtu yeyote."

"Fundi baiskeli aliyekatwa ncha ya kidole na mnyororo," dada alisema. "Wako wangapi zaidi ya baba?"

"Ni hadithi, Dada."

"Basi kaa nayo." Aliweka mfuko kitini, akatoka. Mama Riwaya alimfuata hadi langoni, akamwita mara mbili, mwenzake hakugeuka.

Kaka yao mdogo alipiga simu jioni ile ile. "Wanangu wanasoma shule, Dada. Wenzao wakiwauliza bibi yao alikuwa na mwanamume gani posta, wajibu nini?" Hakungoja jibu.

Mama Riwaya aliamini kwamba wanaona haya kwa ajili ya mama, na moyoni aliwacheka kidogo. Aliamini watanuna mwezi mmoja kisha watasahau. Mwezi ukaisha, ukaja wa pili. Alituma salamu, hazikujibiwa. Binti wa dada yake, yule aliyemlea likizo zote na aliyemwita Mama Mdogo, alipojifungua, yeye alipata habari kutoka kwa muuza maziwa.

"Hongera, umepata mjukuu!" alisema yule muuza maziwa.

"Ahsante," alijibu. "Ni wa kike au wa kiume?" Kisha akaona jinsi yule mtu alivyomtazama, akaingia ndani na sufuria yake.

Kitabu kwa upande wake kilifanya vizuri kuliko vinne vya mwanzo. Alialikwa shule moja kukizungumzia. Wasichana wawili walilia. Alirudi nyumbani, akavua viatu vya kutokea, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumsimulia, akaziandika habari za siku ile kwenye daftari lake, kana kwamba nazo ni za zamani.

Mwezi wa saba wa kununiwa alikuja mgeni. Alikuwa mzee mrefu, nadhifu, amebeba bahasha ya kaki. Alijieleza kuwa ni mpimaji ardhi mstaafu, anatoka mji mwingine, na anwani ameipata kwa mchapishaji baada ya kumsumbua sana.

"Mjukuu wangu alinipa kitabu chako," alisema alipokwisha kuketi. "Samahani, mama, mimi si mtu wa riwaya. Lakini karani anayegonga simu kwa mkono wa kushoto, posta ile, miaka ile... Huyo ni baba yangu."

Mama Riwaya aliuliza haraka mno, "Aliwahi kumtaja mama yangu?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Hapana. Baba alikuwa mzungumzaji, alitusimulia mpaka majina ya mbwa wa wazungu. Lakini mwanamke mwingine zaidi ya mama yangu, hapana."

"Pengine alificha kwa heshima."

"Pengine. Kilichonileta ni hili la kuhamishwa." Alifungua bahasha, akatoa nakala ya karatasi iliyopigwa taipu, herufi zake zimefifia. "Hakuadhibiwa. Aliomba mwenyewe. Barua yake hii, nimeikuta kwenye jalada lake la kazi. Nisingependa wajukuu waamini kuwa aliiba simu ya serikali."

Mama Riwaya alikuwa mpiga taipu. Barua aliisoma kwa kutupa jicho mara moja. Karani aliomba kwa unyenyekevu apelekwe kituo chochote cha mbali, mapema iwezekanavyo, kwa sababu za binafsi. Chini, kwa wino, mtu alikuwa ameandika "Imekubaliwa", na mtu huyo hakuwa amekasirika hata kidogo.

Mzee alikunywa chai, akasifu maelezo ya pasi ya mkaa, akaaga. Mama Riwaya alikaa na ile nakala mpaka chai iliyobaki ikaota utando. Kisha akamwandikia dada yake ujumbe mfupi kuliko yote aliyowahi kutuma: "Nani alimkataa nani?"

Miezi saba dada hakuwa amejibu kitu. Safari hii simu ililia baada ya dakika tano. "Nakuja kesho," dada alisema, akakata.

Alifika asubuhi na khanga mabegani, kama mtu aendaye msibani. Mama Riwaya alimpa ile barua. Dada aliisoma, akaikunja, akairudisha.

"Mama alimkataa," alisema. "Mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya kuhama, na mara ya pili alipokuja likizo amevaa suti, na mama yake mzazi ameongozana naye. Mama akatoka nje mwenyewe, akawaambia hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya baba! Kwa sababu gani nyingine?" Sauti ya dada ilipanda. "Alimpenda baba. Alikuwa anaitoboa tairi ya baiskeli ya mjomba kwa pini ya nywele ili atumwe kwa fundi. Mjomba alidhani barabara mbovu."

Mama Riwaya aliikunjua tena ile barua. "Mimi hakuniambia hayo. Aliniambia alihamishwa, basi."

"Alikuambia kilichotokea. Hayo mengine uliyatia chumvi mwenyewe." Dada akaendelea polepole. "Wewe ulidhani tumekasirika kwa ajili ya mama. Mama hana neno, mama angecheka. Ni baba. Mtu amefanya kazi magoti yake yakiwa mchangani miaka arobaini, mkewe anamtazama kama mwezi, halafu mwanawe mwenyewe anakuja kuuambia ulimwengu kuwa alipewa mabaki."

Mama Riwaya alijaribu kumwona baba yake, na alichoona ni mgongo. Alikuwa amemwandikia baba maneno ya upole mengi na hakuwahi kumuuliza chochote.

"Mimi nilimkataa yule mkaguzi," alisema hatimaye, "kwa sababu hakuwa karani wa simu."

Dada alimshika mkono, akauweka juu ya paja lake, wakakaa hivyo kama walivyokaa siku ya mazishi.

Mama Riwaya alimpigia mhariri kuomba adhabu ya karani na mwisho wa kitabu vibadilishwe kabla ya toleo la pili. Mhariri alisikitika kwa dhati. "Mama, kitabu kinatembea. Ukiondoa adhabu ya DC, watu watalia kwa lipi?" Toleo la pili likatoka vile vile, fundi amepewa mabaki.

Mama Riwaya akapiga moyo konde, akaanza kingine. Alikwenda kwa fundi baiskeli wa upande wa pili wa mtaa, akaomba kiti, akakaa alasiri nyingi akiangalia jinsi gurudumu lililopinda linavyonyooshwa, waya mmoja mmoja. Hadithi yake ilikuwa ya msichana na pini ya nywele. Enzi ni zile zile, DC anapita na gari lake, kofia zinavuliwa, ila hakuna amri inayotoka kumtenganisha mtu na mtu. Alipoipeleka, mhariri alikaa nayo miezi minne. "Ni nzuri," alisema, "lakini hakuna kinachotokea. Wanapendana, wanaoana, wanazeeka. Shida iko wapi?"

"Hawana shida," alijibu.

"Basi mimi ndiye ninayo." Hawakugombana. Akaomba arudishiwe muswada wake.

Akatoa nakala tatu pale penye mashine ya kutoa nakala, akazifunga kwa uzi. Ya kwanza alimpa dada. Ya pili alimpelekea kaka, na mtoto wa kaka alipofungua mlango alisema, "Shikamoo shangazi, baba hayupo," ingawa gari lilikuwepo na redio ilisikika. Aliiacha kwa mtoto, akamshika shavu, akarudi kwa miguu; ya tatu ilibaki mezani kwake.

Dada alikuja baada ya wiki, kurasa zimekunjwa pembe kila mahali. Alimaliza alasiri nzima akisahihisha: baba hakuwa akivuta sigara, hata siku moja, suruali yake ya kazini ilikuwa ya buluu, si ya kijivu, mama alimwita "wewe bwana", hakuwahi kumwita mpenzi. Mama Riwaya aliandika yote bila kubisha. Mahali pamoja dada alicheka mpaka akavua miwani. Ilipofika saa kumi na moja alisema lazima awahi, mtoto wa binti yake ana homa.

"Nikusindikize nikamwone?"

Dada alisita, akiwa na mkoba begani. "Si leo. Niache kwanza nizungumze nao nyumbani."

Alimsindikiza mpaka kona, akasimama hapo mpaka khanga ya dada ikapotea katikati ya watu. Kisha akarudi ndani, akafuta "kijivu" kwenye ukurasa wa tisa, akaandika "buluu", na kusoma sentensi ile kwa sauti.