Pole ya Magurudumu

Enzi za Ujamaa nilikuwa na gari dogo la mbio. Fundi wangu pale Tabora alipokuwa akiyapanga magurudumu, nilimng'ang'aniza ayalaze, juu yaingie ndani kabisa, ili lishike kona vizuri. Kona zenyewe ziko wapi, njia ya Usoke?

Nilipofika kwa mama, hata shikamoo yangu hakuiitikia. Alilitazama gari, akashika kinywa.

"Pole, mwanangu! Limevunjika miguu."

Sijafungua mdomo, keshawaita majirani. Walikuja moja kwa moja kutoka shamba la kijiji, mikono inanata tumbaku, wakanipa pole mmoja mmoja. Bibi mmoja akaniletea na kuku.

Ningewaambiaje kwamba nililitaka hivyo mwenyewe? Niliinamisha kichwa nikaitikia, "Nimeshapoa."