Mlinzi Aliyekula Umeme wa Masukulu

Vuuu. Sauti inaanzia chini, inapanda, inakaa juu kidogo, kisha inashuka mpaka inabaki pumzi tu. Ni saa mbili asubuhi, ukungu umeilalia Masukulu, na mapazia mazito ya chumba hiki cha kompyuta cha shule ya sekondari bado yamefungwa.

"Hiyo nzima," anasema mwanamke gizani. "Washa ya pili."

Pazia linapovutwa, anaonekana Tusekile Mwakalobo, miaka 41, fundi kompyuta kutoka Tukuyu mjini. Ameegesha sikio kwenye ubavu wa kompyuta, penye feni, kama mkunga anayesikiliza tumbo la mjamzito.

Nyuma yake amesimama mkuu wa shule, Mwalimu Vicent, mzaliwa wa Singida, mkononi ana daftari la mita ya umeme. Leo ni siku ya saba ya majaribio. Umeme ukionekana bado unaliwa ovyo, kompyuta zote sita zitapelekwa stoo, na wanafunzi themanini watarudi kujifunza kompyuta kwa kuchora kibodi kwenye daftari.

Aliyeyasababisha yote hayo ni Tusekile mwenyewe. Wala hafichi.

Alianza kazi mwaka 2006 akiwa mpiga chapa katika duka la steshenari karibu na soko la Tukuyu. Hakwenda chuo. Ufundi aliuokota kwenye mashine zilizotupwa.

"Nilianza na zilizokufa," anasema, "maana maiti huwezi kuiua mara ya pili."

Wiki nzuri humpa shilingi elfu sitini. Mvua ikizidi hupata nusu yake, na Rungwe mvua haijui kupungua. Hata hivyo, ofisi, maduka na shule humwita. Wapo wanaodhani ujuzi wa kompyuta huishia Mbeya mjini. Waje wamwone mama huyu akifungua mashine kwa bisibisi moja na kuifunga bila skrubu kubaki.

Januari mwaka huu alinunua programu mpya ya kuzuia virusi, akaiweka kwenye kompyuta ya dukani kwake na kwenye zile sita za Masukulu. Katikati ya kazi likatokea dirisha la maandishi ya Kiingereza: kompyuta yako inaweza kukuingizia pesa wakati imepumzika. Akabonyeza 'Kubali'. Mara saba, kwenye mashine saba.

"Niliona neno pesa na neno bure," anasema. "Mengine niliyaruka kama mtu aliyechelewa ibada."

Alichokubali ni kuchimba sarafu za mtandaoni. Kompyuta hupewa mahesabu mazito, ikiyafanya hupata chembe ya sarafu, na kampuni yenye programu hukata fungu lake. Umeme analipa mwenye kompyuta.

Kwingine joto la mashine lingemshtua mtu mapema. Tukuyu ni baridi. Wateja walifurahi, wakawa wanasogeza viti karibu.

Aliyeshtuka ni Bibi Esnath, mkulima wa chai wa Kawetele, aliyekuja kutoa kopi za hati ya shamba. Aliweka viganja nyuma ya kompyuta kama anayeota moto.

"Nani anaitumia hii?" akauliza.

"Hakuna, bibi. Imepumzika."

"Imepumzika na ina homa? Gwe mwanangu, ng'ombe anakula kutwa na anakonda, wewe unamsifu kwa joto? Huyo ana minyoo."

Tusekile akacheka. Bibi hakucheka. Alikunja kopi zake, akasema "ndaga" ya kushukuru, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, Tusekile akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi. Minyoo ilikuwepo, ila si virusi. Sehemu nne kati ya tano za nguvu za mashine zilikuwa zinaliwa na mlinzi wake mwenyewe, ile programu aliyoinunua. Pochi ya sarafu ilionyesha thamani isiyofika shilingi elfu moja, nayo haikuruhusiwa kutolewa mpaka ifike kiwango kikubwa zaidi.

Kule Masukulu, kama alivyopata habari, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Uniti hamsini za umeme, zilizozoea kukaa wiki mbili, zilikuwa zinaisha kwa siku nne. Mwalimu Vicent aliamini wanafunzi wanajifungia ndani kutazama filamu. Akamnyang'anya ufunguo Belinda, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa msimamizi wa chumba, na mlango ukafungwa.

Ackson, fundi simu wa duka la jirani, alikuwa na ushauri mwepesi.

"Nenda ukaifute, dada, useme lilikuwa vumbi. Nani Masukulu atajua?"

"Na yule binti aliyenyang'anywa ufunguo?"

"Ufunguo si wako."

"Kosa ni langu."

Kesho yake Tusekile alisimama mbele ya darasa zima huko Masukulu akaeleza neno kwa neno alichobonyeza. Mwalimu Vicent alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, mama," akasema, "kirusi tulikuwa tunakikaribisha wenyewe na tunakipa chai?"

Darasa likaangua kicheko. Tusekile naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo. Programu ikafutwa palepale. Mwalimu akatoa siku saba, kompyuta zitumike kama kawaida, mita iseme.

Na sasa mita imesema. Mwalimu Vicent anarudi kutoka ukutani ilikofungwa, anasoma daftari, anasoma tena.

"Uniti zilikuwa hamsini. Zimebaki ishirini na sita."

Anamwita Belinda kutoka dirishani walikojazana wanafunzi, anatoa ufunguo mfukoni, anampa kwa mikono miwili.

"Nilikukosea," anasema.

"Asante, mwalimu."

Belinda anaupokea, lakini hatabasamu. Anamgeukia fundi.

"Mama, kompyuta haziwezi kukaa bila ulinzi. Utaweka programu nyingine. Sisi tutajuaje?"

Tusekile anaweka bisibisi mezani. Usiku wa jana, anasema, alianza kuandika kwa Kiswahili karatasi moja kwa kila programu: inafanya nini, inachukua nini, inampa nani. Anataka ibandikwe ukutani hapa, kisha kwenye kila ofisi inayomwita, Rungwe nzima.

Kisha anamtazama binti huyo usoni.

"Nakuahidi, Belinda, na mwalimu wako anasikia. Jumatatu naileta hiyo mpya. Utaisoma wewe, Kiingereza chake na Kiswahili changu, mstari kwa mstari. Ukibaki na swali moja lisilojibiwa, naondoka nayo. Na ukiridhika, atakayebonyeza ni wewe."