Laptop Niliyoipima Buchani

Siku hiyo dukani tulikuwepo Mama Eliya mwenye duka la kompyuta, wateja wake wawili, mdogo wangu Neema na mimi, muuza nyama wa Ngaramtoni niliyeishia darasa la sita tulipofiwa na wazazi.

Mama Eliya alimpa Neema laptop bure asomee chuo. Bando la intaneti lilipoisha, Neema akaniambia, "Kaka, humu ndani hamna kitu, kila kitu kiko mtandaoni." Nikaiweka kwenye mizani ya nyama: kilo moja tu! Kweli ni tupu. Nikamkokota Neema na laptop yake hadi dukani kwa Mama Eliya.

"Shikamoo mama. Umempa mtoto ganda tupu!"

"Marahaba. Hebu washa." Neema akaiwasha, Mama Eliya akaiunganisha na intaneti ya simu yake, masomo yote ya Neema yakatokea.

"Mwanangu, una uchungu na mdogo wako," akasema, wateja wakicheka.

Kumwomba Mama Eliya radhi na kumpa asante ninadaiwa mpaka leo.