Kinu Chini ya Trela

Mke mwenzangu wanamwita Pini. Si jina la wazazi wake. Ni kwamba tangu asubuhi mpaka jioni ana pini katikati ya midomo, na akitaka kukuambia neno baya hazitoi, analipitisha pembeni mwa mdomo hivyohivyo. Ni fundi cherehani. Anashonea kwenye baraza ya nyumba ambayo maji ya kuchanganyia saruji yake niliyabeba mimi. Mshono wake umenyooka, hilo simnyimi. Na akishauanza hainuki mpaka aufikishe mwisho, hata mgeni asimame mlangoni na mzigo kichwani.

Watu wakiniuliza habari zake hungoja nitukane. Matusi niliyamaliza zamani.

Alikuja mtaani kwetu peke yake, cherehani kichwani, amemkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Mimi ndiye niliyempelekea kitambaa cha kwanza, kwa kumhurumia. Nilitaka gauni. Mume wangu, dereva wa lori la trela, akasema atalipitia yeye. Akalipitia. Akarudi nalo lipunguzwe kiuno, akarudi nalo liongezwe mikono, na gauni lenyewe halikuwa la mikono. Nilipoamka usingizini, mwenzangu alikwisha kupimwa pete.

Sababu ya kuniacha, aliyoitoa mume wangu mbele ya wazee, ni kwamba nanuka mafuta ya taa. Na kweli nilinuka. Kaka yangu ni fundi wa breki za hewa, na kazi yangu kwake ni kuosha valvu: nazifungua, naziloweka kwenye mafuta ya taa, nasugua kutu, natazama mipira ya ndani kama imepasuka. Valvu za trela la mume wangu nilizisugua kuliko sahani zake. Mama mkwe aliitikia pale pale, "Mwanamke anuke sabuni." Nikatoka na sanduku la nguo. Kinu changu, cha mti mgumu, alichoniachia marehemu mama, kilibaki uani kwa kuwa hakuna aliyejitolea kunibebea.

Sasa lazima niseme kidogo juu ya hizo valvu, maana bila hivyo hamtajua nilichokiogopa siku ile.

Trela la mume wangu ni la zamani, lina magurudumu yake ya mbele na ya nyuma, na linavutwa kwa mkono wa chuma. Kati ya lori na trela kuna mipira miwili mirefu ya kupitisha hewa. Mmoja umejaa hewa muda wote, ndio unaolisha tangi la hewa la trela. Wa pili hauna kitu mpaka dereva akanyage breki. Akikanyaga, hewa kidogo tu hupita humo kwenda nyuma. Hiyo hewa kidogo ni kama mtu aliyetumwa kubisha hodi. Ikifika kwenye valvu iliyoko chini ya trela, valvu inafungua hewa ya tangi, iliyo hapo hapo karibu na magurudumu, na hiyo ndiyo inayokamata. Nguvu yote ingesubiriwa kutoka mbele, trela lingechelewa kusimama na kumsukuma dereva mtaroni.

Kazi ya pili ya valvu hiyo ni ya siku mbaya. Mpira wa kwanza ukikatika, au ukichomolewa, valvu haingoji amri ya mtu. Inaimwaga hewa ya tangi kwenye breki, na trela linasimama lenyewe. Ndiyo maana madereva wakiacha trela mahali huchomoa mpira, breki zinakamata, wanaenda zao.

Lakini kinachoshika hapo ni hewa tu. Trela za siku hizi zina springi kali, hewa ikiisha springi zinashika. La mume wangu halina. Tangi likivuja, breki zinalegea pole pole, na hakuna kengele inayolia. Kaka husema ni kama mtu aliyefunga mlango kwa kuuegemea. Akisinzia, umefunguka. Ndiyo maana lazima uweke kabari kwenye magurudumu, na mtu asiyeweka kabari kaka hamtengenezei gari mara ya pili.

Siku hiyo jua lilikuwa halijawa kali. Nilikuwa natoka gereji na dumu tupu, nakwenda dukani. Njia inapita juu ya nyumba ile, na huwa naipita macho mbele kama farasi. Nikasikia sauti. Ssss. Nyembamba, kama sufuria yenye maji yanayotaka kuchemka.

Trela limeegeshwa kwenye mteremko, limejaa kokoto mpaka juu, tako lake linatazama baraza. Lori lenyewe halipo. Nikajua: kaugawa mzigo kwa ubovu wa barabara, katangulia na ule wa kwenye lori, atarudi kuchukua wa trela. Nikainama kutazama magurudumu. Hakuna kabari. Hakuna hata jiwe.

Chini, baraza, na nyuma ya ukuta wa baraza ni chumba cha mama mkwe. Alipata kiharusi, miguu haimbebi, na ni mama mnene. Kitanda chake kiko kwenye ukuta ule ule.

Nilikuwa nimeapa sitakanyaga pale tena. Nikashuka.

Pini alikuwa anashona suruali ya mtu. Aliniona, hakuinua mguu kwenye cherehani.

"Bi mkubwa," akasema kwa pembeni mwa pini. "Umepotea au umetumwa?"

"Trela linavuja hewa. Litashuka. Mtoe mama."

Akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Miaka yote hii hujaja. Siku ya kuja, unataka nyumba iwe wazi."

Ndani mama mkwe akasikia. "Nani huyo? Ni yule wa mafuta ya taa?"

"Ni mimi, mama. Tunataka kukutoa nje kidogo."

"Sitoki. Nikitoka atalala humu yeye."

Nilikuwa nazungumza nao huku sikio moja liko juu. Sauti ile ilikuwa imepungua, na kwangu kupungua kulikuwa kubaya zaidi. Hewa inapiga kelele ikiwa bado nyingi. Ikinyamaza, imekwisha.

"Mpigie bwana," nikamwambia.

Akapiga, akamweleza nilichosema, akaiweka simu juu ya meza ya cherehani ili nami nisikie. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo muda mrefu. Ilikuwa na upepo wa njiani ndani yake.

"Mwambie arudi kwa kaka yake," akasema. "Nimechomoa mpira, breki zimekamata. Trela hilo halisogei hata ulisukume na kijiji kizima."

"Kabari umeweka?" nikauliza.

"Kabari zimo humu kwenye lori."

"Na tangi?"

"Linavuja tangu mwaka jana. Limeondoka lini? Pini, usimruhusu aguse chombo changu. Huyo ana jambo." Akakata.

Pini akanitazama juu chini. "Umesikia."

Karibu yake kulikuwa na beseni la mashuka ya mama mkwe, povu bado limejaa. Nikachota povu kwa viganja nikapanda mteremko. Gereji ndivyo tunavyotafuta hewa inayotoroka: unapaka povu kwenye viungo, panapovuja panachemka. Nikajiingiza chini ya trela, nikapaka kwenye chemba ya breki ya nyuma, lile kopo la chuma linalosukuma fimbo ya breki. Likachemka. Mapovu makubwa, moja juu ya jingine.

Pini alikuwa amenifuata, si kwa kuniamini, bali kunilinda nisiguse. Alisimama na pini zake mdomoni, sketi ameikusanya mkononi isishike grisi.

"Mapovu hata mtoto anapuliza," akasema.

"Basi tazama fimbo. Unaona hii inayotoka kwenye kopo? Breki ikikamata inatoka nje. Breki ikilegea inarudi ndani. Inarudi sasa hivi."

"Sioni inarudi."

"Inarudi taratibu."

Akachuchumaa. Nilidhani atanivuta mguu anitoe. Badala yake akachomoa pini moja mdomoni, akachora mstari kwenye uchafu wa ile fimbo, pale pale inapoingia kwenye kopo, kama anavyoweka alama ya pindo. Mtu wa vipimo yule. Maneno yangu hayakuwa na thamani kwake, na sioni kwa nini yangekuwa nayo, lakini mstari alikuwa ameuchora yeye.

Tukaungoja. Nilikuwa nimelala chali chini ya kokoto zote zile, na juu ya kichwa changu chuma kinatoa mlio mdogo, tik, kinanyamaza, tik. Ndani ya nyumba mama mkwe anaita maji ya kunywa.

Mstari ukaingia ndani ya kopo.

Pini akazitema pini zote. Nilizisikia zikianguka.

"Toka huko chini," akasema. Kisha, "Bi mkubwa, toka."

"Mama."

"Mama simwinui peke yangu, namgeuza kwa shuka tu. Na kumtoa ni mlango mmoja, upande huu huu. Tuweke nini?"

"Mawe makubwa."

"Hakuna mawe. Kuna matofali."

"Tofali la saruji litakuwa unga. Gogo. Mti mgumu."

Tulitazama uani wote wawili kwa pamoja. Kinu changu kilikuwa kimesimama kando ya jiko lao la uani, kimefunikwa ungo. Tulikimbia, tukakilaza, tukakibingirisha kupanda mteremko, yeye bega upande ule, mimi bega upande huu, na kila kilipotaka kuturudia aliita jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ndogo.

Trela lilianza kusogea kabla hatujafika. Halikushtuka, halikupiga kelele. Lilisogea kama mtu anayejiweka vizuri kwenye kiti. Kokoto chache zikadondoka kwa nyuma. Nikakisukuma kinu chini ya tairi la nyuma upande wa kushoto nikarusha mikono yangu pembeni.

Tairi likakipanda. Kinu kikalia kama mfupa. Kikapasuka kwa urefu, kuanzia mdomoni mpaka chini, na trela likaendelea mbele ya macho yangu kiasi cha shibiri, nikafumba macho nisione ukuta wa baraza ukilala.

Nilipoyafumbua, nusu moja ilikuwa imebanwa chini ya tairi, upande wake bapa umeuma udongo. Kingekuwa kizima kingebingirika. Nusu ya pili ilikuwa mikononi mwa Pini. Sikuona alivyoipata. Alizunguka nyuma ya trela, pale pale ambapo lingempitia, akaisukumia chini ya tairi la kulia kwa kisigino cha mguu wake wa kukanyagia cherehani. Nikaleta matofali, tukajaza kila palipokuwa na nafasi. Mengine yalipasuka. Tukazidi kuleta.

Ile sauti ya hewa ilikwisha kabisa. Trela lilikuwa limesimama juu ya kinu cha mama yangu na si kitu kingine.

Tulikaa chini. Pini zake zilikuwa zimetawanyika udongoni. Nilimwokotea. Sijui kwa nini nilimwokotea.

"Maji yangu," akaita mama mkwe. "Au mmekwisha kuuana?"

"Bado, mama," akajibu Pini.

Dereva alirudi na lori tupu wakati wa mchana. Alizunguka trela, akagusa kile kinu kwa ncha ya kiatu, akanitazama mimi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kafungua hewa?"

Nilijua atalisema. Mtaani angelisema kwa watu kumi, na wote kumi wangeamini, kwa kuwa mwanamke aliyeachwa hawezi kupita njia bila kuwa na jambo.

Pini alikuwa amekwisha kurudi kwenye cherehani. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazipanga juu ya meza.

"Mstari nilichora mimi," akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Ukimtaja bi mkubwa kwa hilo, na mimi nitataja kabari zilikuwa wapi, na nitamtajia mama kwanza."

Alizirudisha pini mdomoni, akakanyaga cherehani. Asante hakunipa. Nami sikuwa nimeingoja. Nilichukua dumu langu nikaenda dukani, na nilipofika nilikuwa nimesahau nilichotumwa.

Kaka alibadilisha mpira uliopasuka ndani ya ile chemba, akamfokea dereva mbele ya watu, akamwambia hatamtengenezea tena gari asipoweka kabari. Dereva akacheka, akasema kabari sasa anazo mbili, za mti mgumu.

Ndivyo ilivyo. Kinu sijarudishiwa. Ninapopita juu ya nyumba ile naziona nusu zake, moja tairi la kushoto, moja la kulia, ndani bado kuna weupe wa unga. Mke mwenzangu huenda kutwanga kwa jirani. Salamu zetu ni za kope tu.

Ila kuna jambo moja nimeliona, na nisipolisema nitakuwa nimemdhulumu. Trela likiegeshwa pale, yule mwanamke asiyeinuka katikati ya mshono anaacha sindano imezama kwenye nguo ya watu, anapanda mteremko na povu kiganjani, anachora mstari wake kwenye fimbo, anachuchumaa, anaungoja. Nami juu ya njia, na dumu langu mkononi, najikuta nimesimama nikiungoja pia.